Jaribu namba ya mpakani kabla ya kuchagua < au ≤

Nikimsaidia mwanangu hesabu hapa Moshi, nimegundua kwamba kinachomkwaza si mdomo wa alama za kulinganisha namba, ambao sikuzote hufunguka kuelekea upande ulio mkubwa, bali ni kistari cha chini yake, chenye maana ya "au sawa na". Unapokutana na sentensi yenye kikomo, chukua namba iliyotajwa, uiingize katika sentensi, kisha uulize kama inaruhusiwa: ikiruhusiwa, weka kistari, isiporuhusiwa, usikiweke. Daladala ambayo abiria wake (a) hawatakiwi kuzidi 14 inaweza kubeba 14 kamili, kwa hiyo tunaandika a ≤ 14. Lakini tukisema abiria ni pungufu ya 14, namba hiyo haimo, nasi tunaandika a < 14. Njia hii inafaa kwa sababu Kiswahili huficha usawa ndani ya ukanushi: "haizidi" ni ≤ na "haipungui" ni ≥, ingawa mtoto akisikia "zidi" mkono wake hukimbilia >, na kwa maoni yangu hapo ndipo alama nyingi za mtihani hupotea bure. Njia hii hushindwa pale sentensi yenyewe isipoeleza kama namba za mpakani zimo, kama vile "kati ya 5 na 10". Hapo muulize mwalimu. Vilevile haikukumbushi kugeuza mdomo unapogawanya kwa namba hasi: −2x ≤ 6 huwa x ≥ −3, yaani mdomo hugeuka ilhali kistari hubaki.