Unaanza kazi ya kuongoza wageni? Anza na maji

Hongera kwa kazi. Kabla hujakariri majina ya ndege, jifunze maji ya bahari. Hapa Dar, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri; tofauti huweza kuzidi mita 3. Kwa hiyo wageni wa mikoko ya Kunduchi wafikishe saa tatu, maji yakiendelea kutoka. Hapo wataona mchu, aina ya mkoko, unavyopumua kwa vijiti vilivyochomoza topeni, kaa wakitoka mashimoni, na kuanzia Septemba hadi Aprili, chekeamwezi, ndege wa pwani waliosafiri kutoka Ulaya na Asia. Mimi huwaacha watazame kwanza. Maswali yao ndiyo yananielekeza niseme nini, na mengi niliyoandaa huwa hayahitajiki.

Msitu wa Pugu uingie mapema, jua halijawa kali. Suruali ndefu, miguu yake ichomekwe ndani ya soksi. Mwendo uwe wa yule anayechoka haraka kuliko wote, na uwahesabu watu kila njia inapogawanyika.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi ya bahari, hivyo waambie wageni kuhusu kiingilio kabla ya kupanda boti. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea. Nahodha akisema upepo wa leo haufai, ahirisha safari palepale, hata kama wameshalipa.