Toa vitu kwa dirisha la duka, kastoma waone

Ukitembea Kenyatta Avenue hapa Nakuru cheki madirisha ya maduka ya nguo, unapata suruali, viatu, mabegi mpaka kalenda ya mwaka jana, zote zimebanana kwa kioo na mtu anapita tu hajaona kitu. Hata Marekani ya zamani maduka mengi yalikuwa hivyo, kurundika tu, halafu kukatokea watu wakafanya kupamba dirisha iwe kazi yenyewe. Watu wa Macy's, duka kubwa kule New York, wakapanga wanasesere kwa dirisha la Krismasi 1874, watu wakajaa nje. Na Frank Baum, yule mwandishi wa hadithi ya watoto ya Mchawi wa Oz, alianzisha jarida la madirisha ya duka pale Chicago mwaka 1897.

Sasa wewe anza kwa kutoa kila kitu, dirisha libaki tupu kabisa. Vumbi ya Nakuru unaijua, osha kioo ndani na nje na maji yenye siki kidogo, ukaushe na gazeti kuukuu.

Halafu chagua nguo moja. Moja! Mimi saa hii nina gauni ya kitenge ya manjano, stuli ya mbao na viatu pea moja, basi. Gauni nimeitundika na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule hauonekani, na huko mgongoni nimeibana na pini nne ndio isikae kama gunia. Ukishabana toka nje uangalie ukiwa ng'ambo ya barabara, rudi, sogeza, toka tena, usichoke. Baum alipenda sana dirisha lenye kitu kinachosonga, kwa hivyo mimi huweka feni ndogo chini, skafu inapepea polepole na watoto wa shule lazima wasimame.

Taa ndio wengi wanakosea. Mchana nje kukiwa na mwanga kuliko ndani, mtu akiangalia kioo anajiona mwenyewe na matatu nyuma yake, nguo haoni. Weka balbu kali juu, karibu na kioo, imulike nguo isimpige mtu macho, na uiwashe hata mchana.

Badilisha kila wiki mbili. Kuna shati nyeusi niliacha muda mrefu, jua la saa tisa likakula bega moja likawa rangi ya majivu, hasara tupu.

Bei andika kubwa. Na kastoma akitaka ile ya dirishani mtolee hapo hapo, usimwambie hiyo ni ya maonyesho.