Kwa mwalimu mwenzangu Mwafrika wa shule za Marekani: kazi isiyoandikwa kwenye mkataba

Saa sita kasoro robo. Ndiyo kwanza umefungua kibakuli chako cha wali maharage, simu ya darasani inalia. Kuna mama Mkongomani ofisini hajui Kiingereza, unaombwa uje mara moja. Unafunika wali. Kesho yake ni mtoto mweusi wa darasa lisilo lako, amegoma kuingia kipindini, na wewe ndiye "unayeelewana naye". Mwezi unakatika bila mtu kuandika popote kwamba ulifanya hayo.

John King, akiwa Waziri wa Elimu wa Marekani mwaka 2016, aliuita mzigo huu wanaobebeshwa walimu weusi kodi isiyoonekana. Karibu walimu 8 kati ya 10 wa shule za umma huku ni wazungu, na hilo lina historia: baada ya hukumu ya Brown ya 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza kutenga shule kwa rangi, majimbo ya kusini yalipounganisha shule, walimu na wakuu wa shule weusi walifukuzwa kwa maelfu. Walimu weusi wachache waliopo leo ndio wanaoitwa kwa kila jambo.

Nunua daftari. Kila unapoitwa, andika tarehe, dakika ulizotumia na shughuli yenyewe. Mimi nilianza Septemba. Kufika Krismasi nilikuwa na kurasa 11. Zipeleke kwa mkuu wa shule kabla ratiba ya mwaka ujao haijapangwa, uombe upunguziwe kipindi au ulipwe posho, na kazi hiyo ipewe jina: mratibu wa uhusiano na familia, kwa mfano. Jina hilo litakufaa ukiomba leseni ya uongozi wa shule, ambayo majimbo mengi huitoa kwa mwenye shahada ya uzamili na miaka kadhaa ya kufundisha. Kama uko kwa viza ya J-1, ile ya walimu wa kubadilishana, muulize kwanza mdhamini wako, yaani shirika lililokuleta, kabla ya kukubali majukumu mapya. Na ukalimani kwa wazazi ni wajibu wa shule, unaotokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Saidia ukipenda, lakini usikubali uwe wako peke yako.

Kuhusu moyo, sisi tumelelewa kumeza. Ukipiga simu nyumbani useme kazi inakuumiza, utaambiwa, "Vumilia mwanangu, wenzako wanaitafuta." Wanasema kwa upendo, ila usiku hulali. Wilaya nyingi za shule zina mpango wa msaada kwa wafanyakazi: vikao kadhaa vya ushauri nasaha bila malipo, na mkuu wako haambiwi ulichozungumza. Vitumie mapema, kabla hujaanza kulia kwenye gari asubuhi.

Halafu kuna kosa letu ambalo linanisikitisha: tunajitenga na walimu weusi wa Kimarekani, kana kwamba yao ni yao na yetu ni yetu. Wao wamelijua jambo hili kabla yetu. Shuleni kwetu mama mmoja, ana miaka 26 kazini, aliisoma daftari yangu akiwa amesimama mlangoni, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akavuta kiti, akatoa ya kwake.