SOMO: Kusafisha picha ya sura bila kumgeuza mtu mwanasesere

Wakuu, PM zimezidi na swali ni lile lile: "ngozi inatokaje laini?" Naandika mara moja tu.

1. Kwenye Photoshop, nakili leya (tabaka la picha). Picha halisi usiiguse.

2. Rangi kwanza. Poda ikiwa nyeupe kuliko shingo, shusha mwanga wa uso kidogo.

3. Chunusi, jasho, nyuzi: leya tupu, ile brashi yenye alama ya plasta. Kitakachopona chenyewe, ondoa. Kovu na alama ya kuzaliwa ni mali ya mwenye uso, muulize.

4. Ngozi. Hapa ndipo send-off nyingi za Mtwara zinapoharibikia. USITIE ukungu (blur) uso mzima: ukungu unakula vinyweleo, na ngozi isiyo na vinyweleo ni plastiki. Fungua leya mpya, ijaze kijivu cha asilimia 50, iweke kwenye hali ya kuchanganya iitwayo Soft Light. Kijivu kitapotea machoni. Sasa brashi laini, flow (kasi ya brashi kumwaga rangi) asilimia 1 hadi 3: nyeupe juu ya vidoa vyeusi, nyeusi juu ya panapong'aa. Usizame kwenye zoom ya asilimia 300, utasawazisha kila kitundu na ukirudi nyuma pua haipo. Kivuli cha chini ya jicho kipunguze, usikimalize. Ukimaliza, shusha opasiti (uzito) ya leya hiyo. Karibu kila mara inahitaji kushushwa.

5. Macho: punguza wekundu, basi.

MASWALI

— Mkuu, hakuna app ya kubonyeza mara moja?
Zipo. Ndizo zilizonifanya niandike hatua ya 4.

— Nimefuata yote, uso umetoka mabaka.
Flow ngapi?
— 30.
Soma tena.

— Niko Lindi, nina simu tu.
App ya Snapseed inakutosha. Kwenye Brush kuna Dodge & Burn (kutia mwanga na kiza); anza na 5, pitisha kidole kidogo kidogo.

— Nimempiga bibi yangu wa Newala, ana chale za Kimakonde usoni. Mjomba anataka nizifute.
Swali zuri hili. Usifute, mkuu. Muulize bibi, si mjomba. Akiridhia zibaki, kwenye leya ile ya kijivu tia kiza kidogo ndani ya mistari na mwanga pembeni yake, zitasomeka vizuri. Ukimpiga tena mkalishe ubavu kwa dirisha. Mwanga wa mbele unazilaza.

— Nyongeza kwa wanaopigia ufukwe wa Msangamkuu, Mtwara: mchanga ule unarusha mwanga chini ya kidevu. Tandikeni kitenge cheusi miguuni pa mteja.

— Kinapeperuka na upepo.
— Kizikie ncha mchangani.