Kigae cha Asia Kutoka Pwani: Hatua za Kukitambua na Kukadiria Umri Wake

Vigae vya vyombo vya Asia vimetapakaa katika magofu ya pwani yetu, kuanzia Shanga na Gedi hadi Kilwa Kisiwani, na wengi wanaoviona hukimbilia maua na maandishi. Mimi huanzia palipovunjika, kwa sababu michoro huigwa kwa urahisi kuliko udongo. Kigae kilicho katika eneo la kale kisiokotwe: kipige picha hapo kilipo, kisha uwaarifu watu wa makumbusho.

Hatua ya kwanza ni kuuchunguza mvunjiko kwa lenzi ya kukuzia. Kaure ina udongo mweupe, mgumu, ulioshikamana kama kioo, nao haunyonyi tone la maji. Udongo laini wa manjano hafifu, chini ya utando (ule mng'ao kama kioo unaofunika chombo) mnene wa rangi ya feruzi, unaelekeza Iraki ya karne ya 8 hadi ya 10, wala si China. Udongo mweupe unaonyonya maji, wenye maua yaliyopigwa kwa chapa, aghalabu ni wa bakuli la Ulaya la karne ya 19, na mengi ya hayo yalitoka Maastricht, Uholanzi.

Hatua ya pili, geuza kitako, ambacho kwa maoni yangu ndicho shahidi bora, kwani mfinyanzi hakukipamba ili kimpendeze mnunuzi. Vyombo vya Longquan, China, vina udongo wa kijivu na utando mzito wa kijani, na pale ambapo utando haukufika, chuma kilichomo udongoni kimegeuka rangi ya kutu kwa moto wa tanuri. Vingi vilivyofika kwetu ni vya karne ya 13 hadi ya 15. Mchanga mzito ulioganda kwenye ukingo wa kitako cha sahani ya buluu na nyeupe unaelekeza Zhangzhou, Fujian, mwishoni mwa karne ya 16 au mwanzoni mwa karne ya 17.

Hatua ya tatu ni rangi. Michoro ya kahawia na kijani chini ya utando wa manjano ni ya Changsha, China, karne ya 9. Bakuli moja la aina hiyo, lililotoka katika meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, lina tarehe ya mwaka 826. Kaure ya buluu na nyeupe ilianza kusafirishwa kwa wingi katika karne ya 14, ilhali rangi nzito ya waridi isiyopenyeza nuru haikutumika kabla ya miaka ya 1720 hivi.

Alama ya mfalme, yaani jina la enzi ya mfalme wa China lililoandikwa kitakoni, isomwe mwisho. Alama ya Chenghua (1465–1487) iliigwa sana enzi ya Kangxi (1662–1722), na neno “China” kwa herufi za Kilatini kwa kawaida huonyesha chombo cha baada ya 1891, sheria ya Marekani ilipodai nchi ya asili itajwe.

Hatimaye linganisha kigae na vitu vyenye tarehe thabiti, kama kaure ya Santo António de Taná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Dalili changa kuliko zote ndiyo iamue, kisha andika kipindi, kwa mfano “kati ya 1350 na 1450”, pamoja na dalili zilizokufikisha hapo.