Mwalimu, kagua dhana zako kabla hujamkagua mtoto

Shule zikifunguliwa hapa Mombasa kila mwalimu ashachora picha kichwani, yule wa Likoni, ng'ambo ya feri, atachelewa tu, huyu wa Nyali, kwa matajiri, kizungu kitanyooka, wale wa dawati la nyuma ni midomo tu. Usiseme wewe huna, unazo, hata mimi ninazo.

Chukua daftari lako (usiliwache stafurumu walai, litasomwa) na wiki ya kwanza andika kila jina na maksi unazodhani atapata, kando yake andika kwanini. Hapo kwa "kwanini" ndo pana mambo. Ukiwa umeandika "nimesoma insha yake", sawa. Ukiwa umeandika mtaa, kabila, viatu ama vile kakake alivyokuwa, pigia mstari mwekundu.

Mtihani ukija waandike namba badala ya majina, sahihisha, halafu linganisha. Kwa jumla utakuta hukukosea sana, na hili wengi hawapendi kuliskia: Lee Jussim, mwanasaikolojia wa Marekani, amelishikilia miaka mingi, kwamba walimu huwa karibu na ukweli manake wanaitazama kazi ya mtoto mwenyewe kuliko kundi lake. Sasa rudi kwa ile mistari myekundu peke yake uone. Mimi kuna mmoja nilimpa 40 sababu kila siku anaingia kipindi cha kwanza kishaanza, kumbe ni foleni ya feri, akapata 71, nikaona haya.

Pa kuangalia sana ni mwanzoni. Mwaka 1968 watafiti Rosenthal na Jacobson walitoa utafiti wa shule moja ya msingi California, Marekani, waliwachagua watoto kibahatibahati tu, kama 20 kwa kila 100, wakawaambia walimu hawa mwaka huu watang'ara, na kweli wale wa darasa la 1 na la 2 wakapanda kuliko wenzao, wakubwa wala si sana. 1984 mtafiti mwengine, Raudenbush, akakusanya majaribio ya namna hiyo akakuta mwalimu akishamjua mtoto zaidi ya wiki 2, maneno kama hayo hayamwingii tena.

Kwa hivo wiki 2 hizo mwalimu wa mwaka jana akija na chai yake, "huyu nikwambie alivyo...", mwambie ngoja kwanza. Asthma na macho muulize, tabia usiulize.