Mtoto kashapata baiskeli, sasa ataendeshea wapi Dar hii?

Kununua baiskeli ya mtoto Dar siyo kazi, za mtumba kutoka Japani zipo kibao, unabonyeza tairi, unajaribu breki, mnapatana bei, unapakia kwenye bajaji umefika nayo nyumbani. Kazi inaanza pale mtoto anaposhika usukani anakwambia "baba twende" na wewe ukichungulia nje ya geti unaona bodaboda mbili zinapishana na boza la maji, mtaro haujafunikwa, jirani naye kamwaga mchanga wa kujengea katikati ya njia. Twende wapi sasa?

Mimi mwanzo nilichemka. Binti yangu ana miaka 6, nikampeleka uchochoro wa nyuma ya nyumba saa kumi na moja jioni maana ndo muda niliorudi kutoka kazini, nikaona pamepoa. Hata dakika tano hazijaisha ikachomoza bajaji kwenye kona, haikumgusa wala nini, ila mtoto kwa kupaniki akakata usukani akazama mtaroni na baiskeli yake. Magoti yote mawili yakachubuka, na maji ya mitaro ya huku mnayajua wenyewe. Mama yake alipomuona hakusema kitu, aliniangalia tu. Kesho yake Jumapili saa moja asubuhi nikapita uchochoro uleule naenda kununua maandazi nikakuta hamna mtu, kuku tu wanaparura. Hapo ndo nikajua kosa langu, nilikuwa nahangaika na mahali wakati nilitakiwa nihangaike na saa.

Kwa hiyo anza na saa. Uwanja wa mpira wa mtaani asubuhi mtupu, ikifika saa kumi jioni una timu mbili ndani na nyingine inasubiri nje na vijana hawana muda wa kumkwepa mtoto wako. Paking ya kanisa Jumapili usiisogelee, ila katikati ya wiki unaweza kutandika mkeka ukalala, na msikitini ni hivyohivyo ukiiondoa Ijumaa mchana (na nyakati za swala, usiende kupigisha watoto kelele watu wanaswali). Maghala na ofisi, Jumapili. Shule, Jumamosi mchana na likizo za Juni na Desemba. Dar jua linatoka kwenye saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo saa 1 mpaka saa 3 asubuhi una mwanga wa kutosha, jua halijawa kali, na madereva wengi wa wikiendi bado wamelala.

Ukishapata sehemu usimpeleke mtoto kwanza, nenda wewe. Simama pale robo saa, siku ileile na saa ileile utakayokuja naye, hesabu vyombo vya moto vinavyopita. Kwa mtoto anayeanza kabisa mimi ikipita hata bodaboda moja napafuta. Watu wananiambia nazidisha, sawa, ila hawakuosha yale magoti.

Alafu usitafute eneo kubwa sana, hapo ndo wengi tunapopotea tunawaza viwanja vya maana wakati mtoto wa baiskeli ya tairi za inchi 16 anahitaji mita kama 30 tu za kunyooka na pa kugeuzia. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30 na nusu na upana wa 15 na kidogo, na nenda shule ya msingi yoyote utaukuta, mara nyingi wa udongo uliokanyagwa na miguu ya watoto mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Mimi sijaona sehemu nzuri kuliko hiyo. Uwanja wa basketi nao safi tu, una mita 28, ila saruji ile ukidondoka inauma.

Shida ya shule ni kuingia. Usijipenyeze kwenye uwazi wa ukuta kama vibaka, nenda getini, na usalimie kabla ya kutaja shida yako. Mimi na mlinzi ilikuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu baba."

"Nina binti yangu huyu, naomba tutumie uwanja wa netiboli kwa muda wa saa moja hivi, anajifunza baiskeli."

Akamwangalia mtoto, akaiangalia baiskeli, akaniangalia na mimi. "Akidondoka humu akavunjika mkono, nani ataulizwa?"

Swali la haki kabisa, kwa sababu anayefukuzwa kazi ni yeye, siyo wewe. Nikamwambia naulizwa mimi, nitakuwa naye muda wote, na Jumatatu nitakuja kuongea na mwalimu mkuu. Jumatatu nikaenda kweli, mwalimu akasema njoo Jumamosi baada ya saa nane, ukitoka umuage mlinzi. Imeisha. Ukimpoza mlinzi kwa hela ukaacha kwenda kwa mkuu utaendesha wiki mbili, siku mkuu akipita na gari yake akawakuta mnafukuzwa mbele ya mtoto. Kama ni kiwanja cha wazi cha mtaa pitia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yeye ndo anajua kuna msiba, harusi au mkutano lini.

Ukipata ruhusa, tembea uwanja wote kwa miguu kabla baiskeli haijagusa chini. Chupa zilizovunjika na misumari hizo kila mtu anaziona, ila kuna vitu vya urefu wa shingo ya mtoto ambavyo mtu mzima havioni kwa sababu anainama tu na kupita. Kamba za kuanikia nguo uani, na ule waya wa chuma unaoshikilia nguzo ya umeme kutoka juu mpaka chini kwa mshazari, mtoto akiwa kwenye mwendo huo waya hauonekani kabisa. Mimi nachuchumaa niwe urefu wake ndo naangalia. Chemba zisizo na mfuniko nazo chungulia kwenye nyasi. Kokoto zinateleza, kichanga kinameza tairi la mbele mtoto anaruka juu ya usukani, nyasi ndefu zinachosha mtoto anakata tamaa akidhani yeye ndo hawezi. Udongo mgumu au pevingi ndo mwake. Na kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, huo udongo wote unakuwa utelezi, ahirisheni.

Sasa mitaa yenyewe. Sinza na Kijitonyama tambarare, changamoto yenu ni magari na mitaro. Watu wa Kimara, Goba na Makongo poleni, huko ni milima, mtoto akishika mteremko kabla hajaijua breki hapo hamna mwalimu, shukeni mkatafute kiwanja. Viwanja vya Biafra na Leaders kule Kinondoni, na Tanganyika Packers pale Kawe, ni maeneo makubwa ila yana shughuli zake, matamasha, mikutano ya injili, bonanza, ukienda bila kuulizia unakuta maturubai na spika. Chuo Kikuu Mlimani wikiendi kuna utulivu na kivuli cha miti, lakini jina lenyewe linakwambia, ni mlimani, kwa hiyo kampeleke aliyekwisha kujua breki na uulizie getini kwanza. Njia za mabasi ya mwendokasi usijaribu hata siku zinapoonekana tupu, ni marufuku na lile basi likija linakuja kweli. Na msidanganyike na mtaa uliowekwa lami jana, watoto wanaupenda ila na madereva ndo wanaupenda zaidi.

Ambayo watu wanaisahau ni pwani. Kigamboni na Kunduchi maji yakitoka unabaki mchanga uliolowa, mgumu, mpana, hamna gari, na ukidondoka hupasuki kitu. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakuwa chini kabisa kuelekea saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50, ukitaka uhakika muulize mvuvi yeyote. Baki upande wa mchanga mgumu usimwache asogee kwenye maji, na geuzeni mapema kabla hayajaanza kujaa. Mkirudi nyumbani osha baiskeli nzima kwa maji baridi ya bomba halafu tia oili kwenye cheni, chumvi ile siku tatu tu unasikia kwikwi kwikwi.

Na kama kweli huna pa kwenda kabisa, toa pedali. Shusha siti mpaka nyayo zote mbili za mtoto zikanyage chini, fungua pedali kwa spana namba 15, ya kulia inafunguka kawaida ila ya kushoto ni kinyume, unaizungusha kufuata mshale wa saa, usije ukaikaza ukaivunja kama nilivyotaka kufanya mimi nikamlaumu fundi. Mtoto anasukuma kwa miguu anateleza, anasukuma anateleza, mpaka anaweza kunyanyua miguu yote akahesabu mpaka tano. Hiyo inawezekana hata uani kwenye mita kumi baada ya kuhamisha ndoo na hizo kamba za nguo. Balansi ikishakaa ndo unarudisha pedali na kutafuta uwanja, na utashangaa, wangu alitumia Jumamosi mbili tu pale netiboli. Zile tairi za pembeni mimi sikuzitumia, mtoto anazizoea siku ukizitoa anaanza upya. Kofia ngumu muhimu, ila siyo helmeti yako ya bodaboda, ile nzito na inamchezea kichwani, tafuta ya saizi yake ikae vidole viwili juu ya nyusi.

Akishaiva usikimbilie barabarani. Tafuta mtaa usiotokea upande wa pili, ule unaoishia kwenye ukuta wa mtu, maana anayeingia humo ni mwenyeji tu na anakwenda taratibu. Mtoto akae kushoto, wewe tembea upande wake wa kulia uwe ukuta wake, na kila geti mfundishe asimame, kwa sababu gari linalotoka kinyumenyume getini halimuoni mtu mwenye kimo kile. Kwenye makutano aangalie pande zote hata kama njia ni ya upande mmoja, bodaboda hazina habari hiyo. Kengele nayo iwe inalia. Yetu ilikufa wiki ya kwanza, sasa hivi binti anapiga kelele "njiaaa!" kwa mdomo, na wanampisha, hadi kuku.